Bisibisi Sikioni

Faenza, 14 Oktoba

Dada yangu Ivonne,

Mtini wa mama umezaa mpaka matawi yanagusa chini, na mimi ni mzima. Umeuliza kwa nini siku hizi sipokei simu. Nitafika huko.

Binti yangu Morena amenifundisha kurekebisha injini za pikipiki kwa kompyuta. Unachomeka waya, unasoma namba, unaongeza petroli au unapunguza. Wazee wa baa wananicheka: "Learco, siku hizi pikipiki unaziandikia barua pepe?" Nawaacha wacheke.

Unakumbuka baba alivyonifundisha: ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, na injini yenyewe inakwambia inaumwa wapi. Mwezi Juni niliisikiliza hivyo pikipiki ya Denis, jirani yetu mwokaji mikate. Kompyuta ilionyesha injini inapata petroli kidogo mno. Morena akasema, "Baba, inagonga. Huisikii?"

"Nilisikiliza injini kabla wewe hujazaliwa," nikamjibu. "Funga hilo dude lako."

Kesho yake injini ilikwama barabarani, Denis akaanguka na kuvunjika mtulinga. Nilimdanganya kwamba pistoni ilikuwa mbovu.

Watu wanadhani nimependa usasa. Dada, sikio la kulia limekufa, na la kushoto linalifuata. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Mara ya mwisho tulipoongea kwenye simu, nilicheka pale nilipodhani umecheka. Kama ulikuwa unalia, nisamehe, na uniandikie ulichosema.

Mdogo wako,
Learco