Geji ya Mtungi wa Baba

3 Machi

Kwako binti yangu,

U mzima huko ng'ambo? Baridi haijakugandisha? Sisi huku wazima, ila kifua changu ni kile kile. Nakuandikia kwa simu kwa sababu kuongea kunanimaliza pumzi. Daktari amenipa mtungi wa oksijeni, uko kando ya kitanda, mrija wake puani, na geji ya kupimia hewa ameiweka namba mbili. Mama yako anasema nimekuwa redio, siishi bila waya.

Miaka yote nimechomelea mageti ya watu, moshi nameza, sikuugua hata siku moja. Nimestaafu, ndiyo naumwa! Wewe unashinda maabara ukichunguza mapafu. Niambie kwa lugha ya karakana, ni nini kinanila humu ndani? Kuuliza si ujinga.

Babako

7 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, wasiwasi wangu ni wewe tu. Iko hivi. Oksijeni ikitumika mwilini huacha chembe kali zinazouma. Mwili una walinzi wake wa kuzizima. Moshi wa karakana umeleta chembe nyingi mno, walinzi wamezidiwa, na mapafu yanaliwa polepole kama chuma kinavyoliwa na kutu. Matunda na mboga kula, yanawasaidia walinzi kidogo. Vidonge vya wauzaji wa barabarani achana navyo.

Msalimie Mama.

Mwanao

19 Machi

Marahaba mwanangu,

Usidhani nimekununia. Nilikuwa najaribu dawa yako, na naona inafanya kazi. Kule karakana tulikuwa tukikata vyuma kwa oksijeni. Ukiifungulia kwenye bamba lililoiva moto, bamba linakatika kama mkate. Nikasema, kumbe ndiyo hiyo naipeleka mapafuni mwenyewe, tena kwa mrija! Tangu nisome maneno yako nimefunga mtungi. Mama yako hajui, akiingia nauvaa mrija mtupu.

Asubuhi kichwa kinagonga, kucha zimekuwa bluu, na jana nilimwita mama yako kwa jina la marehemu shangazi yako. Amenuna mpaka leo. Nadhani ndiyo kutu inatoka, au sivyo?

Babako

19 Machi

Baba!

Sivyo! Hiyo si kutu, ni mwili unakosa hewa. Kinachokula mapafu yako ni ule moshi wa miaka yote, si mtungi. Bila mtungi moyo utashindwa. Naogopa, Baba. Mimi ndiye niliyekueleza vibaya. Fungua mtungi sasa hivi, usisubiri Mama. Fungua!

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Usinifokee, bado mimi ni baba yako. Nimefungua. Dawa ya moto ni moto, basi nimezungusha koki mpaka mwisho, geji imesimama juu kabisa. Sisi hatukuzoea kazi nusunusu. Hewa tamu! Kucha zimeanza kurudi rangi yake. Mama yako yuko sokoni, akirudi nitamwomba radhi. Macho mazito, usingizi mtamu unanijia, sijaupata wiki nzima. Acha nilale kidogo.

Babako

19 Machi

Baba usilale!

Nimekosea tena, sikukuambia kiasi. Rudisha geji kwenye namba mbili, ile ya daktari, si zaidi. Usifunge, punguza tu. Mapafu kama yako yakimwagiwa oksijeni nyingi, pumzi inalegea, hewa chafu inajaa damuni, na mtu anazidi kusinzia mpaka asiweze kuamka. Kaa wima. Zungusha sasa hivi.

Mwanao

19 Machi

Baba, nimepiga, inaita tu. Najua kuongea kunakuchosha, lakini pokea, usiseme kitu, nikusikie ukihema. Mama hapokei, labda soko lina kelele. Nimempata fundi mwenzako wa zamani, anakuja mbio, lakini anatoka mbali. Umepunguza? Niambie umepunguza.

Mwanao

19 Machi

Baba, andika hata herufi moja.