Kimeli amepasha moyo moto

Sue, uko? Weka chai chini kwanza.

Kimeli, bwana ya dada yangu Emmy, leo alikuwa na eko, ile picha ya kuangalia moyo ukipiga. Unakumbuka misuli ya moyo wake ililegea, ikawa inasukuma damu asilimia ishirini na tano pekee. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kujua kama dawa imesaidia ama anawekewa mashine kifuani.

Sasa skiza. Mzee amefika mapema, akaona moyo hauwezi kuingia mtihani ukiwa baridi. AKAKIMBIA. Amezunguka hospitali mara tatu, na koti ya kanisa!

Mbio, Sue! Mgonjwa wa moyo!

Daktari akampaka jeli, akaangalia skrini, akashtuka. "Mzee, mbona moyo unaenda mbio hivi?"

"Nimeupasha moto, daktari. Hata wakimbiaji wetu hawaanzi baridi."

Emmy akataka kuingia chini ya kitanda. "Kimeli! Unataka kufa ukipimwa?"

Wakamlaza nusu saa atulie. Akalala, akakoroma, jeli ikamkaukia kifuani.

Kupima tena: asilimia arobaini na tano. Hakuna mashine!

Daktari akacheka. "Miezi sita iliyopita uliletwa hapa na wheelchair. Leo umekimbia raundi tatu. Lakini usirudie."

Emmy akapanguza machozi. Halafu akamgeukia: "Kumbe unaweza kukimbia? Na hizo ng'ombe nimekuwa nikikukamulia mimi?"