Uyoga Nisiouokota

Mpendwa Shangazi Genovaitė wa gazetini, jambo hili sijamwambia hata paka wetu: uyoga wote niliopeleka nyumbani tangu nimalize shule sikuuokota, niliununua kwa yule mama mwenye ndoo kandokando ya barabara kuu.

Msituni naenda kweli kila asubuhi, lakini siku ya kwanza niliinama kutafuta uyoga nikaona sisimizi wanaburuta bawa la nyuki, nikalala kifudifudi kuwaangalia, kuinuka ni saa nane mchana na kikapu kitupu, na tangu hapo imekuwa hivyo, leo kigogota anagonga mti, kesho umande kwenye utando wa buibui, na mimi ambaye darasani nikiulizwa jina nilinong'ona, humo naimba kwa sauti, mpaka nikirudi naosha vyombo naimba bado, nikajua kumbe sauti ninayo. Sasa Bibi Bronė, mwokotaji hodari kuliko wote kijijini, ananisifu kwa majirani hadi naona haya, na jana kaniambia, "Mjukuu wangu, Jumapili nipeleke mahali pako, kabla magoti hayajanigomea." Kwetu mtu haonyeshi mahali pake pa uyoga hata kwa padri, nami mahali penyewe sina, na nikikiri naogopa atanikataza msitu. Nisaidie, na tafadhali sana, usimwambie mtu.

Skaistė

*

Skaistė (jina nimelibadilisha, tulia),

Umenichekesha, kisha umeniudhi. Hivi mwanangu, unadhani mtu aliyeokota uyoga miaka sitini hatambui uyoga uliokatwa kwa kisu? Mama wa barabarani hukata shina. Bibi yako huuzungusha ukatoka na shina lake zima. Tena wa kununua umesuguliwa, hauna hata jani moja la msonobari. Bibi yako alijua tangu kikapu cha kwanza. Huyo hatafuti uyoga. Anataka kuona ni wapi mjukuu wake aliyekuwa bubu anakotoa nyimbo.

Hata hivyo, kumdanganya mzee ni kosa. Kiri leo, kabla ya chai, usingoje Jumapili. Mwambie, "Bibi, niliununua," halafu nyamaza, umwache aseme yake, na akikuita mjinga ukubali. Jumapili beba blanketi kwa ajili ya magoti yake, mlaze penye sisimizi, wala usimweleze kitu.

Mahali unapo, binti. Ila usimwambie mtu mwingine ni wapi, hata mimi, nisije nikakufuata. Ninacho kikapu, na aibu sina.