Spoku za Baiskeli ya Selemani

Sahibu yangu Selemani,

Nakusalimu, ingawa najua hutaniitikia. Tangu tukuzike mambo yamegeuka. Tumehamishwa wote. Nyumba zetu za pwani zimebomolewa, tukapakiwa kwenye lori na vyombo vyetu, sasa tunakaa kijiji kipya, njia ya Kitomanga. Kwenda baharini natoka alfajiri, nafika jua limeshapanda. Mihogo tuliyopanda haijakomaa. Wanao wamekonda, Selemani. Sikufichi.

Mkeo ndiye aliyeniomba nirudi kuvua. Nikachonga samaki wa mti kama tulivyozoea, yule wa kuelea, unayemvuta juu ya maji kolekole wamfuate. Kuchonga si kazi. Kazi ni waya wa kumpitisha tumboni ushike ndoana. Dukani hakuna kitu. Waya wa shaba nilikuwa nao, lakini ni laini, kolekole akivuta kwa nguvu kitanzi kinafunguka. Wa uzio upo, umeshika kutu, na huo siugusi. Ndio uliokuchoma kiganja. Ukacheka, ukasema, "Kijidonda hiki? Kesho kimepona." Kisha pepopunda ikakushika, taya likafunga. Mgongo ukapinda, nami nimekushika miguu, hata maji siwezi kukunywesha. Ah. Niache hapo.

Mkeo alinikuta nimekaa na samaki wangu asiye na waya. Akaingia ndani, akatoka anasukuma baiskeli yako, ile aliyokataa kuiuza. Akailaza chini.

"Shemeji, toa spoku."

Nikamwambia, "Hiki ndicho kilichobaki cha Selemani."

"Waliobaki ni watoto. Baiskeli hailiwi."

Nikafungua gurudumu la nyuma. Nikapinda spoku moja, nikainyoosha, nikaipinda tena palepale, kama ulivyonifundisha. Haikukatika. Mkeo alisimama mpaka nikamaliza. Hakulia. Niliyelia ni mimi.

Jana kolekole mkubwa alimrukia samaki wangu wa mti. Alivuta hadi mshipi ukanichana vidole, lakini waya ulishika. Nilimpeleka kwako mzima, sikukata hata mkia. Binti yako Mwanahawa alikula akasinzia na mfupa mkononi. Leo wameamka na njaa tena, na miguu yangu imevimba kwa mwendo.

Kesho nitakwenda hivyo hivyo. Nitawavulia wanao mpaka waweze kujilisha wenyewe, nikiwa hai. Mungu akupanulie kaburi, sahibu. Pumzika.

Mwenzio,
Bakari