Mti wa Mzee Bakyt

Pearland, Houston

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo, nakubusu mikono yote miwili. Vipi magoti, bado yanakusumbua ukiinuka kwenye msala? Sisi hatujambo, ila moyo wangu mzito, na wa kumweleza ni wewe tu.

Unamkumbuka Mzee Bakyt, yule mgonjwa ninayemhudumia nyumbani kwake? Mwislamu mwenzetu kutoka Kirgizia, nchi ya milima na theluji. Alikuwa na mti wa kwao kwenye chungu, waitwa msprusi. Ukiuona utasema mvinje mchanga, majani sindano tupu. Alikuja huku na mbegu alizookota marehemu mkewe mlimani, na katika zote ukaota huo mmoja. Miaka sita ameulea chumbani mwake, kiyoyozi usiku na mchana, mimi nampikia uji nimevaa sweta.

Mwezi uliopita alilazwa wiki tatu, akaniachia ufunguo. Mama, nikauonea huruma ule mti. Kiumbe cha Mungu, kinatetemeka peke yake! Nikautoa uani upate jua la Agosti, nikaumwagilia kila alasiri kama unavyoimwagilia wewe asumini yako. Ulipoanza kugeuka rangi, nikazidisha maji. Mume wangu alipouona akashika kichwa. "Zuhura, ume-overwater! Na jua hili la Texas? Umeupika."

Mzee karudi Jumatatu. Nilikuwa nimeshaurudisha dirishani, nikasimama pembeni kama mtoto aliyevunja sahani. Alipougusa, sindano zikapukutika zote mkononi mwake.

"Nilidhani mti unaona baridi," nikamwambia.

Akazifumbata zile sindano. "Kwenu hakuna baridi, eh?"

"Hakuna, mzee."

"Basi hukujua."

Hakunigombeza, mama, na hilo ndilo linaloniliza. Kila asubuhi ananiambia nifungue pazia, mti upate mwanga. Umekauka hadi shina, naye anajua. Nafungua.

Nisalimie mjomba Hamadi aliyenibebea sanduku siku ile ya safari, na wifi yangu fundi wa visheti. Na kile kijiti cha asumini ulichosema utampa mgeni aniletee nipande huku, tafadhali usikikate. Kiache kwenye shina lake, hapo mlangoni kilipozoea. Nitakuja kuinusa hapo hapo, inshallah, na wewe nikukute.

Mwanao akupendaye,
Zuhura