Kamba Yenye Haikuguswa

Kahindo, mujukuu wangu,

Nakusalimia toka Butembo. Tuko bazima. Tante yako Masika alizaa mutoto mwanamuke, na mihogo ya shamba yetu ya Kasugho imekubali mwaka huu.

Unaniuliza ju ya nini gitare yako kule Beni inalia yenyewe wakati unaimba mu nyumba. Unasema ulishituka. Mimi pia nilishituka mbaya!

Nilikuwa ningali musichana. Yaya yangu Paluku, kaka yangu mukubwa, aliacha gitare nyumbani, donc nikaanza kuijaribu. Nikalegeza kamba moja kidogo kidogo, ifanane na jirani yake. Sauti zao mbili zilitetemeka, halafu zikatulia, zikakuwa moja. Nikapiga ile ya kwanza, nikaizima na kidole. Ya pili ikaendelea kuimba, mais hakuna mutu aliigusa!

Nikapiga kelele. Mama akatoka jikoni mbio, nikamuonyesha tena. Akatoa macho.

“Iko na pepo!” Akakamata gitare, akaenda nayo ku moto.

“Mama, hapana! Angalia kwanza.” Nikalegeza kamba ya pili, nikapiga ya kwanza, ya pili ikanyamaza. Nikaikaza, nikapiga tena, ikaimba. “Inaitika tu yenye inafanana nayo.”

Hakuamini. Akainama juu ya tundu ya gitare, akaimba pole, “Eee.” Kamba ikamujibu na sauti yake mwenyewe. Akaruka nyuma, mukono ku kifua.

“Imeniitika,” akasema.

Chakula ikaungua. Mama alikuwa angali ameinama pale, anaiimbia.

Usiogope gitare yako, mujukuu wangu. Uiimbie.

Koko wako, Kavira