Vileja vya Beppu

Okayama, Jumapili

Eleri mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Huku joto limepungua. Umeniomba habari za safari zetu. Haya, pokea hii.

Leo asubuhi jirani yetu, Bi Kuwabara, kabisha hodi na zabibu. "Asanteni kwa vileja vya Beppu, mama. Mumeo katuambia zile chemchemi za maji ya moto za huko zimekutuliza mgongo."

Beppu sijawahi kukanyaga, na mgongo wangu mzima kama chuma! Wiki iliyopita Gethin aliniaga anakwenda mkutanoni Nagoya.

Miaka tisa namfunza mwanamume huyu kwamba hapa mtu akisafiri harudi kwa majirani mikono mitupu. Kumbe somo limemwingia hadi kwenye uzinzi! Mtaa mzima umekula vileja vya hawara wake, mimi tu ndiye sijaonja.

Nikainama, nikamjibu Bi Kuwabara kwamba nimepona kabisa.

Mama usimwambie bado. Gethin yuko hapa mezani anazibugia zabibu. "Tamu hizi, Nerys! Nani kaleta?"

Namwacha ashibe kwanza.

Dada yako,
Nerys